Ukuta wa Sebuleni Unajibu, na Mdogo Wangu Anataka Uyoga Tena

Anti Teddy, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi tusalimiane tu kiutu uzima. Nina jambo halina pa kwenda, nikilipeleka kwenye maombi linageuka unabii, nikilipeleka kwenye grupu la wafanyabiashara linageuka kesi, kwa hiyo nakutupia wewe wa gazetini, nidakie. Kuandika siwezi sana, shule niliishia la nne, lakini mdomo Mungu alinipa wa kutosha, hapa naongea na simu inaandika yenyewe, ukiona imekaa kama maongezi ujue ni maongezi.

Mimi ni mtu wa Makambako, hapa Guangzhou nimekaa mpaka najua vichochoro, kazi yangu napika. Fleti yangu iko karibu na soko la Zhanxi, watu wakishabishana bei za nguo na raba mpaka koo zimekauka wanakuja kwangu kula ugali wa samaki, na mimi juu ya ugali nawawekea habari, maana hakuna Mtanzania anayeshuka mji huu nisijue kaja kununua nini na nyumbani kamwacha nani analia. Wananiita Mama Redio, wala sikasiriki, redio ina faida.

Sasa nina mdogo wangu wa mwisho, Abednego. Mama yetu alimpa jina la yule wa kwenye Biblia aliyetupwa kwenye tanuru, na kweli akakua akawa zimamoto, mimi nasema majina yanaita mambo, ningezaa mwingine ningemwita Benki. Alikuwa kikosi cha uokoaji, mtu wa kifua na kicheko. Afu likaanguka ghorofa huko nyumbani, mji siutaji. Wao kazi yao ilivyo wakifika kwenye kifusi wanapiga filimbi, mashine zote zinazimwa, mtu hata kukohoa hakohoi, mmoja anagonga zege mara tatu afu wote wanatega sikio kama chini kuna anayejibu. Abednego akagonga, akajibiwa. Kulikuwa na mwanamke kule chini. Akawa anaongea naye kwenye upenyo, usilale mama, gonga nijue upo, na yeye anagonga. Zege likaanza kusogea, mkubwa wao akasema tokeni, Abednego akasema afande huku kuna mtu, afande akasema hakuna mtu, hayo ni mabomba, toka nakwambia. Wakatoka. Waliporudi akagonga, kimya.

Basi tangu hapo si yule. Akaacha kazi, nikamvuta huku, nikamtafutia kazi ya kufunga marobota na kuyapakia kwenye magari ya kwenda bandarini Nansha. Kazi anafanya lakini haongei, na popote alipo anagonga, meza, lifti, sahani, anagonga afu anainamisha kichwa anasikiliza. Kwenye treni watu wanamhama.

Akatokea Jean-Luc, Mkongo wa Lubumbashi, ananunua simu na betri, kijana wa heshima kabisa. Siku moja anakula kwangu akamwona Abednego anavyogonga sahani, akanivuta jikoni, na kwao yaya ni dada. "Yaya, uyu ndugu yako eko na ugonjwa wa binamu yangu. Alikuwa infirmier, muuguzi, ku ambulance kule Ulaya, akaona maiti mingi, kichwa ikavurugika. Badocteur bakamupatia dawa ya uyoga, akalala pale, akaona mambo, akalia sana, leo eko anatumika bien, kazi anafanya."

Nikamwambia, uyoga? Sisi Makambako tunaukaanga na kitunguu.

"Yaya! Ule haukaangake!"

Tukacheka pale. Akanieleza, mgonjwa anafunikwa macho, anawekewa muziki wa taratibu, daktari anakaa pembeni, kimya, basi. Yeye alikuwa nao kidogo, mkavu, kaupata kwa mtu sijui nani, sikuuliza, na mimi nisipouliza kitu ujue nimeogopa jibu. Nikasema lete sampo. Anti, sisi watu wa biashara hatuagizi kontena bila kuona sampo.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jean-Luc alisema kimya na mtu mmoja, lakini wewe mtu wa kwetu, mgonjwa unamwachaje na mtu mmoja kama amefungwa? Nikawaambia wawili watatu waje kumwangalia, na wawili watatu wa Mama Redio unawajua. Jumapili baada ya ibada, jua linawaka nje, sebule imejaa, mandazi nimekaanga. Dada Séphora, Mkongo wa Bukavu anayetuongoza maombi, kakaa kiti cha mbele kama mama wa bwana harusi. Abednego akala kipande cha ule uyoga mkavu, nikamfunga macho kwa kitenge, tukavuta pazia.

Muda ukapita hakuna kitu, watu wakaanza kuulizia chai. Mara akasema kwa sauti ya kazini, sauti ambayo sijaisikia tangu atoke nyumbani, "Kimya! Zima mashine!"

Anti, feni ikazimika. Nimemuuliza kila mtu aliyekuwemo mle ndani nani alizima feni, kila mtu anasema si yeye.

Akasimama, kitenge machoni, akapita katikati ya viti na vikombe vya watu hakugusa hata kimoja, akaenda mpaka kwenye ukuta wa upande wa jirani. Akagonga mara tatu.

Ukuta ukajibu.

Mara tatu, polepole, kama mkono uliochoka. Usiseme masikio yangu, tulisikia wote, Séphora kikombe kilimponyoka. Abednego akapiga magoti akaweka shavu ukutani akaanza, "Usilale. Nipo. Mkono mwingine uko wapi? Haya. Haya. Na watoto umewaacha kwa nani?" Ananyamaza kama anaambiwa, afu anaitikia, ndiyo, ndiyo, nitawaambia. Séphora akapandisha maombi kwa sauti. Abednego akageuka, na macho yamefungwa vilevile, akamwelekea usoni kabisa, akasema, "Mama, nyamaza. Unamfunika."

Nywele zilinisimama, na mimi nasuka rasta.

Alipozinduka akalia, akaomba ugali, akala akalala kama mtoto. Nikasema dawa imeshika! Nikatangaza. Ningenyamaza wapi mimi?

Basi watu wakaja, ugali ukawa hautoshi, wanakula macho yako ukutani. Séphora akasema hiyo ni roho ina ujumbe, tuiulize, ikigonga moja ndiyo, mbili hapana. Mama yake alifariki yeye yuko huku, hakuwahi kumzika, akauliza, "Maman, umenisamehe?" Ukuta ukagonga moja. Akaanguka chini analia kwa furaha, hata mimi nililia. Kesho yake Rodgers, huyu anayenunua raba, naye akauliza anunue sasa au asubiri maonyesho ya biashara ya Pazhou, ukagonga mbili. Akasema, "Mbili ya sasa au mbili ya Pazhou? Huu ukuta haujui biashara, laoban wangu kanipa bei ya mwisho jana." Tukacheka mpaka machozi, na huyo laoban, Mchina mwenye duka, naye tukamcheka.

Lakini Abednego hacheki. Kazini haendi, anakaa chini ya ule ukuta mchana kutwa. Akaniambia, "Dada, mnamchosha. Mnamgongesha kwa mambo ya raba. Juzi alikuwa anagonga kwa nguvu, leo anagonga kidogo."

Na kweli Anti, nikatega sikio. Mlio unapungua.

Sasa kanunua nyundo, kubwa, ya kuvunjia. Anasema kile kipande kilichobaki nimpe, maana Jean-Luc alikiacha kwangu nikakificha kwenye kopo la majani ya chai, anasema akikila ataona pa kuvunjia, na mara hii hatoki hata aamriwe na nani. Nikasema sikupi. Akapiga magoti, mwanaume mzima, nilimbeba mgongoni huyu. Akasema nisipompa atazungukia nje, kwenye balkoni, aingie kwa huyo mwanamke kupitia dirishani. Tuko ghorofa ya tisa. Jean-Luc nikampigia, yuko Nansha na kontena lake, akasema, "Yaya, tupa iyo kitu, pardon, nilikosea," akakata, simu hapokei tena. Séphora anasema apewe, Jumamosi watu wote waje, tumalize maulizo. Mimi nimebaki katikati, nikimpa naogopa, nisipompa balkoni ile pale. Na baba yetu mdogo alikuwa anaongea na kuku mpaka wakamfunga kamba, isije ikawa ni ya ukoo. Nimpe au nisimpe? Na huyu wa ukutani tumfanyeje? Nijibu upesi, Jumamosi si mbali.

Ni mimi Mama Redio, Guangzhou

ANTI TEDDY ANAJIBU

Mama Redio, barua yako sikuipanga foleni. Mtu aliyetaja balkoni hasubiri zamu ya gazeti. Nilikupigia saa ileile, na kwa kuwa uliniruhusu niandike yote tuliyosema, majina mengine nikiyabadilisha, naandika.

Swali langu la kwanza kwako lilikuwa hili: nyumba ya pili anakaa nani? Wewe! Mji mzima unajua nani kanunua nini, jirani yako wa ukuta mmoja humjui hata jina. Umati wa waombaji na walaji wa ugali mmegonga ukuta ule siku kadhaa, mmeuliza msamaha, mmeuliza raba, na hakuna mguu hata mmoja uliotoka nje kwenda kubisha mlango. Je, angekuwa ni bibi wa watu kaanguka bafuni? Katika sebule nzima, mtu pekee aliyesema "kuna mtu, tumtoe" ni yule mnayemwita mgonjwa. Ona haya kidogo.

Nikakwambia kopo la chai kwanza. Nilishikilia simu mpaka nikasikia kwa masikio yangu choo kinavuta maji. Kwa sheria za huko mnakoishi kitu kile ni dawa za kulevya, na polisi wa huko hawatakuuliza kama ni sampo. Halafu nyundo, ukaipeleka kwa mlinzi wa jengo. Halafu nikasema mchukue huyohuyo mlinzi, mchana huuhuu, mkafungue nyumba ya jirani, na Abednego atangulie mbele, akili zake zikiwa zake, bila uyoga na bila kitenge machoni.

Uliponipigia tena ulikuwa unanong'ona, na wewe si mtu wa kunong'ona. Mlinzi alipunga mkono, "meiyou ren, meiyou ren," neno mnalolisikia madukani kila siku, hakuna, hakuna mtu. Ukamng'ang'ania kama unavyong'ang'ania bei, akaleta funguo. Nyumba tupu. Hakuna kiti, hakuna pazia, na vumbi la sakafuni halina alama ya mguu. Abednego akaikagua kama alivyofundishwa, mkono wa kulia ukutani, chumba hadi chumba, akiita "Yupo mtu?" na kusubiri, mpaka akarudi mlangoni alipoanzia. Ukasema alipotoka uso wake ulikuwa ule wa zamani.

Halafu akakuomba urudi sebuleni kwako, yeye abaki kule, agonge, ajue kama ukuta unapitisha sauti. Ukaenda. Akagonga mara tatu, ukasikia vizuri. Ulikuwa peke yako, umesimama katikati ya chumba, mikono umeibana kwapani kwa woga. Ukuta hukuugusa. Mara mlango ukafunguka, Abednego huyo anahema, anacheka: "Dada, nimesikia umejibu!"

Na wewe ukasema, "Ndiyo, mdogo wangu. Ni mimi."

Akakaa chini akala. Akasema basi siku zote mlikuwa nyinyi mnanitania. Tangu hapo analala. Asiyelala sasa ni wewe, na ulichoniuliza kwa kunong'ona ni kama ulifanya vibaya.

Nianze na uyoga, maana najua wasomaji watauliza kabla ya kuuliza lolote. Jean-Luc hakukudanganya. Ziko nchi ambazo madaktari wanaijaribu tiba ya namna hiyo kwa watu waliovunjwa na kazi ya kuokoa wenzao, zimamoto, askari, wauguzi wa ambulensi, na wapo wanaosema imewafaa. Lakini huko mtu hapewi mpaka ameulizwa ya moyo wake na ya ukoo wake, na huyo baba yenu mdogo wa kuku pengine angetosha wao kusema rudi nyumbani, wewe hii si yako. Wanakaa na mgonjwa siku nyingi kabla, wakiongea, na siku nyingi baada, wakiongea tena. Anayekaa pembeni yake ni mtu aliyesomea kukaa pembeni. Huyo hamtumii mgonjwa kumwulizia marehemu mama yake mwenyewe. Nyinyi mlichukua uyoga mkaacha daktari, kama mtu anayenunua betri akaiacha simu dukani, kisha mkaalika watu na mandazi. Kidonda chake kilichofunguka mkakigeuza dirisha la kuchungulia wafu wenu. Namwonea huruma Séphora, kutomzika mama ni mzigo, lakini aende kwa mchungaji wake na kwa ndugu zake, ukuta wako aachane nao. Sebule ifunge. Wakija, wauzie ugali mlangoni.

Sasa uongo wako. Najua uliusema kwa mapenzi. Lakini yule afande wake naye, siku ya jengo, aliposema ni mabomba, pengine alikuwa anawapenda vijana wake, alitaka watoke hai. Ndugu yako hajaumizwa na kifusi peke yake. Ameumizwa na mtu mkubwa aliyemwambia kwa uhakika kitu asichokijua. Umemwambia hivyohivyo kwa mara ya pili, na safari hii ni dada yake. Leo analala juu ya neno lako. Siku atakapojua, na kwa mdomo wa watu wa sebule yako atajua, atalala wapi?

Kwa hiyo sikia. Tafuta hospitali ya akili hapohapo mjini, uende na mtu anayejua Kichina vizuri, si cha kuulizia bei. Kama haiwezekani, mrudishe nyumbani, huku wako wanaojua kuongea na mtu aliyetoka kwenye kifusi, na ziko dawa za halali. Haponi kwa siku moja. Mpaka mfike kwa daktari asikae peke yake, na ule mlango wa balkoni uwe na kufuli. Na daktari, mkishamkalisha Abednego, akuone na wewe pia, usijifanye mzima kwa kuwa unacheka.

Kisha, hukohuko mbele ya daktari, mwambie kwamba hukugonga. Mwangalie usoni. Atakuuliza basi nani alijibu. Mimi ningependa kukupa neno la kumwambia. Ungependa niseme ni bomba, Séphora angependa niseme ni mama yake. Nimefikiri sana, nimeuliza na wanangu wanaojua mambo ya ujenzi, sina. Mwambie hujui. Ni neno fupi, na kwa barua yako ilivyo naona hujawahi kulitumia tangu uzaliwe. Litakuuma mdomoni. Liseme hivyohivyo, kisha nyamaza, mwache yeye aongee.

Barua yako na jibu hili nimeviweka mezani. Sitavipeleka kiwandani kuchapwa mpaka unipigie uniambie umeshamwambia. Wasomaji wangu, kama mnayasoma haya, amemwambia.